Mtoto wangu anapumua kwa mlio, na bibi yake anataka akatwe kimeo

Swali: "Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa wiki 9, ndiye wa kwanza. Alizaliwa na kilo 3.2, juzi kliniki alikuwa na 5.1. Tangu alipofikisha kama wiki 2 anapumua na mlio, kama pora anayejifunza kuwika. Akilala chali unazidi, akilia unazidi, akinyonya anaacha titi kila mara avute pumzi. Zahanati wamempa antibayotiki mara mbili, mara ya tatu akavutishwa mvuke, mlio uko palepale. Mwisho hospitali moja hapa Dar es Salaam wakaniandikia kwenye karatasi 'laringomalasia', wakasema atakua na utaisha, wakaita mgonjwa mwingine. Mama mkwe amekuja kunisaidia uzazi. Yeye anasema hicho ni kimeo na anamjua mzee wa kukikata. Mimi silali, usiku kucha namulika mtoto kwa tochi ya simu. Nifanye nini?"

Marahaba mama, na hongera ya uzazi. Nianze na la kimeo kwa kuwa ndilo lenye haraka: kataa. Hata kama mzee yule ana mkono mwepesi, hata kama ndiye aliyemkata mumeo na mumeo leo ni mzima. Sababu nitakupa huko chini na utamfikishia mama mkwe kwa adabu yake, lakini uamuzi ufanye kabla hujamaliza kusoma. Mambo haya mara nyingi hufanyika siku ambayo mama kaenda sokoni.

Sasa mlio wenyewe. Weka kidole katikati ya shingo yako, kisha meza mate. Kile kigumu kinachopanda na kushuka, ambacho kwa wanaume hutokeza nje, ndicho zoloto. Sauti hutengenezwa hapo, na hewa yote ya kwenda mapafuni hupita hapo. Juu yake kuna kifuniko kinachoziba njia ya hewa tunapomeza ili chakula kisiende pabaya, na pembeni na nyuma yake kuna mikunjo ya nyama laini inayozunguka mlango wa njia hiyo. Kwa mtu mzima vitu hivyo husimama imara hewa inapopita. Kwa mwanao vinalegea.

Chukua mrija wa karatasi wa kunywea juisi, uache uloane mpaka ulegee. Ukivuta kwa nguvu kuta zake zinanasana, juisi haipandi, unasikia mlio wa kukwama tu. Ukipuliza, unafunguka wenyewe. Ndicho kinachotokea kooni mwa mtoto. Anapovuta hewa, zile sehemu laini zinanyonywa kwenda ndani, zinaziba njia kwa sehemu na kutetemeka, na mtetemo huo ndio pora wako anayewika. Anapotoa hewa zinasukumwa pembeni, kimya. Akilala leo weka kiganja juu ya tumbo lake usikilize. Mlio unakuja tumbo likipanda au likishuka? Ukija likipanda, yaani akivuta, hapo tunazungumzia kitu kimoja.

Kuhusu lile jina la laringomalasia: wapo kina mama wanaofika kwangu wakisema mtoto ana ugonjwa wa Malesia, tunacheka kidogo, ila nchi ile haihusiki. Ni maneno ya Kigiriki yenye maana ya zoloto laini. Chevalier Jackson wa Marekani na mwanawe, wote madaktari, ndio waliolipa hali hii jina hilo mwaka 1942. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa gegedu la zoloto, yaani ule mfupa laini unaolijenga, ndilo bovu. Lilipotazamwa kwa hadubini halikuonekana na kasoro ya maana. Maelezo yenye nguvu zaidi leo ni kwamba mishipa ya fahamu inayoziamuru sehemu hizo zikae imara bado haijakomaa, kama vile shingo ya kichanga isivyoweza kushika kichwa mwezi wa kwanza. Kwa hiyo hakuna ulichokula ukiwa mjamzito, hakuna upepo ulioingia ulipomwogesha, na hakuna mtu aliyemtazama kwa jicho baya. Najua hukuuliza, lakini kina mama wote hujiuliza.

Pale hospitali, kabla hawajaita mgonjwa mwingine, walipaswa kukwambia jambo moja zaidi: mlio huu utaongezeka kwanza, ndipo upungue. Katika siku za mwanzo kichanga huvuta hewa kidogo kidogo, ndiyo maana wengi hawana mlio siku wanapozaliwa, unaanza kusikika wiki ya pili au ya tatu. Kadiri anavyokua anavuta hewa nyingi na kwa nguvu, na mrija ule bado haujakaza. Kwa kawaida unafika kileleni kati ya mwezi wa 4 na wa 8. Baada ya hapo unaanza kufifia, na watoto wengi wanakuwa wameachana nao kati ya umri wa mwaka 1 na miaka 2. Mama aliyeambiwa "utaisha" bila kuambiwa hili, mtoto akifika miezi 5 mlio ukiwa mkubwa kuliko mwanzo, anaona amedanganywa. Na hapo ndipo mzee wa kimeo anapopata mteja.

Sijamwona mwanao, na daktari anayethibitisha ugonjwa kwa barua mkimbie. Lakini ulichoandika kinaelekea huko: umeanza wiki ya 2, unazidi akilala chali, akilia na akinyonya, na dawa za kifua hazikuugusa. Katika watoto wachanga wenye mlio wa kuvuta hewa, zaidi ya nusu chanzo chake ni zoloto kulegea. Bado kuna maswali ambayo ningekuuliza ungekuwa mbele yangu. Kilio chake ni safi na chenye nguvu kama cha watoto wengine? Zoloto laini haliharibu kilio, kwa kuwa nyuzi za sauti zenyewe ziko salama. Kilio kikiwa cha mkwaruzo au hafifu kama cha paka mdogo, inawezekana uzi mmoja wa sauti umepooza, na hilo ni jambo lingine. Alipozaliwa aliwekewa mpira kooni wa kumsaidia kupumua? Mpira ule unaweza kuacha kovu linalobana njia. Ana alama nyekundu au ya zambarau iliyovimba kidevuni, mdomoni au shingoni, na mlio unapanda wiki hadi wiki akivuta na akitoa pia? Hapo nafikiria uvimbe wa mishipa ya damu chini ya nyuzi za sauti. Huo una dawa yake, propranolo, ileile inayotumika kwa shinikizo la damu, na haufai kusubiriwa. Mlio ukiwa wa kutoa hewa, tunatazama chini zaidi, kwenye bomba la hewa na mapafu.

Pua iliyoziba nayo huwapoteza watu. Kichanga hutegemea pua kupumua, na ute kidogo tu humfanya akorome kama mzee aliyeshiba. Mkoromo wa pua ni mzito na wa majimaji, na hupungua ukimwekea matone ya maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa. Mlio wa zoloto ni mwembamba, wa juu, na matone hayaufanyi kitu.

Wahudumu wa zahanati usiwalaumu sana. Mimi mwenyewe nikiwa daktari kijana niliwahi kumpa mtoto wa aina hii antibayotiki mara tatu ndani ya miezi miwili, nikabadilisha na aina, nikimwambia mama kwamba kifua ni sugu. Kifua chake kilikuwa safi tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nasikiliza mgongoni kwa kifaa changu, na mlio wa kooni husafiri mpaka mgongoni ukadhani uko mapafuni. Mama mmoja mzee aliyekuwa akifanya usafi wodini ndiye aliyeniambia, "Dokta, mbona huyo anawikia kooni?" Nikaondoa kifaa masikioni nikainama mdomoni mwa mtoto. Kweli.

Tofauti na nimonia unaweza kuitafuta mwenyewe kwa saa ya simu. Mtoto akiwa ametulia au amelala, hesabu pumzi zake dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, kwa sababu vichanga hupumua kwa vipindi. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi 12, kikomo ni 50. Mwanao kwa wiki 9 ameshaingia kundi la pili. Akiwa na mlio lakini anapumua mara 40, hana homa na ananyonya, antibayotiki haina cha kutibu hapo.

Jambo la kufanya kwanza, kabla ya nauli ya kwenda popote, ni kumpiga video. Si moja, tatu: amelala, ananyonya, analia. Mvue fulana, washa taa, simu iwe karibu na ionyeshe kuanzia uso hadi tumboni, kila moja dakika nzima. Watoto hawa wana tabia ya kunyamaza kimya wakifika mbele ya daktari, kama gari bovu linalopona likifika kwa fundi. Video tatu nzuri zinaniambia mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Kwenye video hizo sitasikiliza mlio kwanza. Nitatazama ngozi. Kwenye kishimo kilicho chini ya koo, juu tu ya mfupa wa kifua, ngozi inaingia ndani kila akivuta? Katikati ya mbavu je? Chini ya mbavu, pale tumbo linapoanzia, kunachimbika? Kishimo cha koo kubonyea kidogo akilia si ajabu. Kubonyea kwa kina akiwa amelala usingizi wa kawaida ni habari nyingine: huyo anafanya kazi ya kupumua kama anayekimbia, na atachoka. Kifua kinachovutwa ndani miezi mfululizo kinaweza kubaki na shimo katikati. Ukubwa wa mlio, kwa upande wake, ni kipimo kibaya. Nimeona watoto wanaosikika chumba cha pili wakiwa wanene na wenye furaha, na nimeona mwenye mlio mdogo akiwa hoi, kwa sababu aliyebanwa sana anavuta hewa kidogo mno hata ya kupigia kelele.

Kipimo ninachokiamini zaidi ya vyote unacho nyumbani: kadi ya kliniki. Mtoto anayehangaika kupumua anatumia nguvu nyingi na hawezi kunyonya vya kutosha, na vyote viwili vinaonekana kwenye mizani kabla havijaonekana usoni. Wako ametoka kilo 3.2 hadi 5.1 katika siku 63. Ni gramu 1,900, wastani wa gramu 30 kwa siku, na tunachotarajia umri huu ni kati ya gramu 20 na 30. Amefaulu vizuri. Nikilinganisha na tochi yako ya usiku kucha, namba hiyo inanituliza zaidi. Mpeleke mizani kila wiki mbili badala ya kila mwezi mpaka afike miezi 8, hata kama nesi atakushangaa. Mstari kwenye kadi ukipanda, tunasubiri pamoja. Ukilala mara mbili mfululizo, hatusubiri tena.

Kuthibitisha sasa. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa hapo Dar es Salaam utaishia Muhimbili, na ndugu zetu wa kaskazini wana KCMC, wa kanda ya ziwa wana Bugando. Kipimo ni kamera nyembamba inayopinda, unene wake kama mrija mdogo wa soda. Mtoto hachomwi sindano ya usingizi. Unamkalisha mapajani, nesi anashika kichwa, kamera inapita puani mpaka juu ya zoloto, na kama kuna kioo cha kuonyeshea utaona mwenyewe: kifuniko kimejikunja kama jani changa la mgomba ambalo halijafunguka, na kila akivuta hewa nyama za nyuma zinatumbukia kwenye tundu, kisha zinarudi. Inachukua kama dakika moja. Atalia, na kilio hicho kinatusaidia, maana ndipo nyuzi za sauti zinapoonekana zikifunga na kufunguka zote mbili. Kina mama wengi wakishaona picha ile usiku huo wanalala.

Kunyonya ndiko kunakowatesa watoto hawa zaidi. Kichanga anatakiwa anyonye, ameze na apumue kwa zamu bila kukosea, na mwenye njia iliyobanwa zamu zinagongana. Anapaliwa, anaacha titi, analia, anameza hewa, anacheua. Kucheua nako kuna madhara yake: watoto wengi wenye zoloto laini pia wanapandwa na tindikali ya tumbo, ile tindikali inaunguza nyama za zoloto, zinavimba, mlio unazidi, anavuta kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo inavuta maziwa mengine juu. Mzunguko huo ukikatwa, mlio wenyewe unaweza kupungua.

Kwa hiyo mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo. Wewe egemea nyuma kwenye mto, yeye awe juu ya kifua chako ameinua kichwa, maziwa yasimjie kwa kasi. Kama titi limejaa na linaruka, kamua kidogo kwanza. Akiacha titi kuvuta pumzi usimrudishe kwa nguvu, mwache apumzike, atalitafuta. Mbeulishe katikati, si mwisho tu. Akimaliza, akae wima begani kama nusu saa kabla ya kulazwa. Kama bado anacheua sana, anajikunja akinyonya au uzito unasita, daktari anaweza kumwandikia dawa ya kupunguza tindikali, omeprazo au jamii yake, kwa kipimo cha kilo zake. Usimnunulie mwenyewe duka la dawa. Maji, maji ya kutuliza tumbo na asali havina nafasi. Asali hasa ni hatari kwa mtoto chini ya mwaka 1, inaweza kubeba vimelea vinavyolegeza misuli, na huyu tayari ana kilicholegea.

Moshi: jiko la mkaa liwe nje, anayevuta sigara akavutie barabarani, na ubani wa arubaini na wa Alhamisi ufukizwe chumba ambacho mtoto hayumo. Dawa za kuchua zenye mentholi usimpake kifuani wala puani. Chanjo zake za wiki ya 10 na 14 zisipite, mlio si sababu ya kuahirisha. Mafua ya kawaida kwa mtoto huyu ni mazito kuliko kwa mwenzake, basi wageni wenye kikohozi wamwone mlangoni.

Nije kwenye usingizi. Utakuwa umeshagundua kwamba ukimlaza kifudifudi mlio unapungua, kwa sababu zile nyama zinaning'inia mbele badala ya kuangukia njiani. Mchana, akiwa macho na wewe ukiwa umemkazia macho, mlaze hivyo, atafaidika na shingo itakaza. Usiku, hapana. Watoto wanaolazwa kifudifudi wana hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla usingizini, na zoloto laini la kawaida halibadilishi ushauri huo isipokuwa daktari aliyemwona aseme vingine. Alale chali, godoro lisilobonyea, bila mto, bila blanketi zito, ndani ya chandarua. Usimpandishie mito mgongoni ili ainuke: ataserereka, kidevu kitagusa kifua, na kidevu kikigusa kifua njia inabana zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye mbeleko mbebe mbele, wima, uso wake ukiuona.

Tochi izime. Mtoto anayesikika akipumua unamsikia hata gizani.

Ila kuna mambo ambayo ukiyaona husubiri asubuhi wala kliniki. Midomo au ulimi kugeuka bluu au kijivu. Kwa watoto wetu weusi ngozi ya nje inaficha, fungua mdomo utazame ulimi na fizi. Kusimama kupumua kisha kulegea, au kugeuka rangi akinyonya. Kubonyea kwa kina kwa kifua akiwa ametulia, pua zinapanuka, kichwa kinatikisika kila pumzi. Kushindwa kunyonya, au kuwa na usingizi usioamshika. Homa ya nyuzi 38 au zaidi akiwa bado chini ya miezi 3. Na mlio ambao ghafla umekuwa mwingine, hasa atakapoanza kutambaa na kuokota: karanga, ushanga, punje ya hindi na betri ndogo za saa havikawii kuingia koo la mtoto, na watu wa nyumbani watasema "si ndio mlio wake ule ule." Ule wake mnaujua. Ukibadilika ndani ya dakika moja, ni kitu kipya.

Kuhusu upasuaji, kwa sababu najua utasoma mahali uogope: walio wengi hawaufikii. Wanaohitaji ni wachache, takriban mmoja katika kumi, wale wasioongezeka uzito, wanaosimama kupumua, wanaogeuka bluu. Hufanywa kwa dawa ya usingizi kupitia mdomoni, shingo haiguswi, haibaki kovu la nje. Mikunjo iliyobana inakatwa kidogo na nyama iliyozidi inapunguzwa, kisha mtoto anaangaliwa kwa karibu chumba cha wagonjwa mahututi usiku huo. Si kila hospitali inafanya, hata zile kubwa, basi uliza mapema. Wenye hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Down, waliozaliwa njiti, wenye kidevu kidogo sana au ugonjwa wa misuli na fahamu wanasumbuliwa zaidi, na hao nisingewaacha wasubiri nyumbani kwa maneno ya "utaisha".

Sasa kimeo. Mtoto akilia mwambie mama mkwe amtazame ndani ya mdomo. Kile kinachoning'inia nyuma, katikati, ndicho kimeo, wengine huita kilimi. Kinaning'inia kwenye kaakaa, juu. Zoloto liko chini kabisa, nyuma ya ulimi, halionekani kwa macho hata mtoto apanue vipi. Kukata kimeo ili kutibu zoloto ni kama kukata pazia la dirishani kwa sababu bomba la jikoni linavuja.

Halafu pima na hasara. Mtoto wa kilo 5 ana damu kama mililita 400 mwili mzima: chupa moja ya soda na kidogo juu yake. Kinachotoka kwa mtu mzima akajifuta na kitambaa, kwake ni sehemu kubwa ya uhai, na nyingi huimeza, hamuioni. Njia yake ya hewa, pale chini ya nyuzi za sauti ilipo nyembamba zaidi, ina upana wa karibu milimita 4. Uvimbe wa milimita 1 tu kuzunguka ukuta unabakiza upana wa 2, na hiyo ni robo ya nafasi aliyokuwa nayo. Kidonda kibichi kooni huvimba, hupata usaha, na kisu kilichopita vinywa vingi hubeba pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Watoto waliokatwa nimewapokea usiku, weupe kama karatasi, na si wote niliowarudishia mama zao.

Hata hivyo mama mkwe wako hasemi uongo. Ameona kwa macho yake watoto waliokuwa wakiwika, wakakatwa, na baada ya miezi mlio ukaisha. Ambacho hakuona ni kwamba hata wasiokatwa uliwaisha wakati uleule. Ugonjwa unaojiondokea wenyewe humpa sifa yeyote aliyeushika njiani: mzee wa kimeo, mwenye hirizi, na mimi na antibayotiki zangu tatu. Ukimweleza hivyo, ukianza na mimi, hataona kwamba unamdharau.

Umeniuliza ufanye nini, na bibi naye hajaja kukaa bure. Ile nusu saa ya kumkalisha mtoto wima begani baada ya kunyonya, mara nane au kumi kwa siku, ni kazi inayomvunja mgongo mama peke yake. Mwachie yeye. Ananyonya, anabeuliwa, anapokelewa na bibi, na wewe unalala palepale, mchana na usiku. Video tatu zipige leo jioni, kadi ya kliniki itie kwenye mkoba pamoja na ile karatasi, na Jumatatu mwende wote wawili kufuata rufaa. Siku ya kamera mama mkwe naye aingie chumbani, akae karibu na kioo.